Maswali ya wasomaji: Sanduku la njano chini ya kitanda

Mhariri amenikabidhi barua zenu zote na kuniambia nichague. Kwa wasionifahamu: nilikuwa mkaguzi wa usalama wa mionzi serikalini kwa miaka 28. Niliajiriwa mwaka 1995, wakati huo ofisi yetu ikiitwa Tume ya Taifa ya Mionzi. Sheria namba 7 ya mwaka 2003 ikaigeuza kuwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, nami nikabaki humo humo. Miaka 12 ya mwisho nilikuwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, nikizunguka kutoka Iringa hadi Tunduma na kutoka Makete hadi Kyela. Sasa nimestaafu, naishi Uyole, nalima viazi. Majibu haya ni yangu mwenyewe, si tamko la ofisi.

*

Shikamoo mama. Niko mwaka wa mwisho wa ualimu wa fizikia hapa Iringa, lakini moyo wangu uko kwenye kazi uliyokuwa ukifanya wewe. Wenzangu bwenini wanasema nitakuwa mgumba na nywele zitanyonyoka. Mama yangu amesikia maneno hayo na amekataa kabisa. Kazi yenyewe ikoje? Na hayo wanayosema ni kweli? — Kijana wa Mkwawa, Iringa

Marahaba mwanangu. Tuanze na mama yako, maana bila baraka zake hata ukipata barua ya ajira hutaondoka nyumbani kwa amani.

Mwambie hivi. Miaka yote ya kazi nilivaa kifuani beji ndogo, upana wake kama kiberiti, inayotunza kumbukumbu ya mionzi yote iliyoipitia. Kila baada ya miezi 3 ilikwenda maabara Arusha kusomwa, na matokeo yakaandikwa mbele ya jina langu. Mfanyakazi wa mionzi anaruhusiwa kupokea wastani wa milisiveti 20 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili) kwa mwaka, ukihesabiwa kwa miaka 5 mfululizo, na katika mwaka wowote asivuke 50. Mwaka wangu mbaya kuliko yote haukufika 2. Mama yako, ambaye hajawahi kuingia chumba cha eksirei, anapokea mionzi kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga. Wastani wa dunia wa mionzi hiyo ya asili ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Watoto wangu watatu, wawili nimewazaa nikiwa kazini.

Na huo ugumba? Mbegu za mwanaume huanza kupungua kwa muda iwapo korodani zimepigwa na milisiveti kama 150 kwa mkupuo mmoja. Ugumba wa kudumu unahitaji maelfu kadhaa. Mkaguzi anayefikia hapo amepata ajali kubwa, na ajali ya namna hiyo ndiyo tunayolipwa kuizuia. Nywele vivyo hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Usitegemee mavazi ya kwenye sinema. Siku nyingi utakuwa na begi lenye kipima mionzi, betri za akiba, tepu ya kupimia na daftari, umekaa kwa mganga mkuu au kwenye kontena la mhandisi, unauliza jambo lile lile: chanzo cha mionzi kiko wapi? Mengine yote yanakuja baada ya hilo. Mashine ya eksirei ukiizima imezimika, kama taa; unaweza kuegemea juu yake ukanywa chai. Kipande cha siziamu-137, metali inayotoa mionzi yenyewe, hakina swichi. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 30, kwa hiyo ukikisahau ghalani leo, wajukuu wako watakikuta kingali na makali. Na vipande kama hivyo viko vingi kuliko watu wanavyodhani. Kiwanda cha karatasi kinavitumia kupima unene wa karatasi ikiwa mbioni, kiwanda cha saruji kinavitumia kujua mzigo umefika wapi ndani ya pipa lisiloonekana ndani, na wanaounganisha mabomba wanavitumia kupiga picha za chuma kilichochomelewa.

Wajenzi wa barabara nao wana chao. Ni sanduku la njano lenye mpini mrefu, na ndani yake mna siziamu-137 na amerisiamu-241. Fundi hulitua juu ya tabaka lililoshindiliwa, anashusha fimbo ya chuma ardhini, anasoma kama udongo umekaza na una maji kiasi gani. Kazi ya dakika chache, kisha linarudi stoo.

Mwaka mmoja wakati wa masika nilifika kambi moja ya ujenzi upande wa Tukuyu. Daftari linasema sanduku liko stoo. Stoo halipo. Mhandisi anasema liko saiti. Saiti wanasema walilirudisha stoo. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haina mapumziko, na mimi nimezunguka kwenye tope tangu asubuhi na kipima mionzi mkononi nikichungulia makontena. Jioni kijana mtunza stoo akanivuta pembeni. "Mama, usihangaike. Mimi nalitunza vizuri." Akanipeleka chumbani kwake. Lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa blanketi. Alikuwa ameambiwa linauzwa mamilioni ya shilingi na likiibwa atalilipa yeye. Akaona dawa ni kulala juu yake.

Nikaweka kipima mionzi pale anapolaza mgongo: maikrosiveti 10 kwa saa. Piga hesabu, wewe ni mwana fizikia. Saa 8 za usingizi ni maikrosiveti 80. Mtu ambaye si mfanyakazi wa mionzi hatakiwi kuvuka maikrosiveti 1,000, yaani milisiveti 1, kwa mwaka mzima. Kijana yule alikuwa akimaliza fungu lake la mwaka kila baada ya siku 13, na alilala hivyo miezi 4. Jumla yake inakaribia milisiveti 10, kama mtu aliyepigwa siti skani ya tumbo mara moja. Hakuugua, na kwa kiasi hicho sikutarajia augue. Kilichoniuma ni kwamba anayepigwa siti skani ana ugonjwa unaotafutwa na daktari aliyeamua. Huyu hakuwa na lolote kati ya hayo, ila uaminifu wake kwa mali ya kampuni.

Akaniuliza kama atafukuzwa. Niliandika kwenye ripoti kwamba mwenye kosa ni aliyemkabidhi ufunguo bila kumwambia ndani kuna nini. Wakajenga kibanda cha matofali chenye kufuli 2, mbali na mabweni, na kijana akapelekwa mafunzo. Mara ya mwisho kumwona alikuwa ndiye anayewafundisha wageni wa kambi: kaa muda mfupi, kaa mbali, weka kizuizi katikati. Aliwaelezea kwa moto. Yeye ni wa Makete, na watu wa Makete wanajua kuota moto mwezi wa 7: ukirudi nyuma hatua moja joto linapungua sana. Kwa mionzi ya kitu kidogo hesabu yake ni kamili zaidi: umbali ukiwa mara 2, mionzi inabaki robo.

Hiyo ni sehemu ya kazi ninayoipenda. Kuna nyingine ngumu, ya kusema hapana kwa watu unaowaheshimu. Katika hospitali moja ya wilaya nilikuta mlango wa chumba cha eksirei ni wa mbao tupu. Ile karatasi ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi) ya milimita 2 iliyotakiwa kuwekwa ndani ya mlango ilibaki kwenye mchoro. Nje ya mlango huo, kando kabisa, kulikuwa na benchi la wagonjwa wanaosubiri, wengi wao akina mama wenye watoto mgongoni. Kila picha ya kifua ilipopigwa, kipima mionzi changu pale kwenye benchi kiliruka.

Sheria ilinipa uwezo wa kuifunga mashine saa ile ile. Lakini ilikuwa pekee wilayani. Mwenye mguu uliovunjika angepakiwa garini hadi Mbeya mjini, saa 4 za barabara ya vumbi. Nilikaa kwenye gari la ofisi nikafikiri kwa muda mrefu, kisha sikuifunga. Tulihamisha benchi hadi upande wa pili wa jengo, tukapima tena pale jipya lilipokaa, tukachora mstari mwekundu sakafuni usiovukwa picha zikipigwa, na nikampa mganga siku 30 za kutengeneza mlango. Siku ya 31 nilirudi mwenyewe. Mlango ulikuwapo. Mwenzangu mmoja ninayemheshimu anasema hadi leo kwamba nilikosea, kwamba mashine ingefungwa kwanza mengine yafuate. Nimelipima neno lake mara nyingi. Vipimo vya benchi vingekuwa vikubwa zaidi ningefunga bila kusita. Kwa vile nilivyovisoma siku ile, kukosa picha kulikuwa hatari kubwa kwa watu wale kuliko mlango. Ukiingia kazi hii utakutana na siku kama hiyo, na hakuna kitabu kitakachokuamulia.

Kuhusu njia ya kuingia: shahada ya fizikia inakutosha kuanzia. Nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, kama kazi nyingine za serikali. Ukishaingia utasomeshwa ulinzi wa mionzi, pengine na nje ya nchi, maana Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu 1976 na shirika hilo hufundisha sana. Jizoeze mwandiko mzuri. Sisemi kwa utani. Daftari lisilosomeka ndilo linalopoteza vyanzo.

*

Mama, mnara wa simu umejengwa mita 40 kutoka nyumbani kwangu. Tangu hapo kichwa kinaniuma. Je, ni mionzi yake? — Mama Mjane, Mwanjelwa

Pole sana dada yangu. Mawimbi ya mnara ni ya ukoo wa redio. Hayana nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu za mwili wako kama eksirei inavyoweza. Yakizidi sana hupasha mwili joto, na kwa umbali wako hata joto hilo huwezi kulipata. Simu unayoibana sikioni inakufikishia zaidi kuliko mnara. Una haki ya kuomba upimiwe, na usione aibu kuomba. Nimepima mingi Mbeya na Iringa na sikukuta uliovuka kiwango mahali watu wanapoishi. Lakini kichwa kinauma kweli, usikubali mtu akuambie unajitungia. Nenda ukapime shinikizo la damu na macho wiki hii hii, usiusubiri mnara.

*

Shikamoo mama. Mimi ni mtaalamu wa eksirei katika hospitali moja mkoani Njombe. Nina mimba ya wiki 9 na sijamwambia mkuu wa kitengo, nahofia atanihamishia masijala na posho za zamu zipotee. Mume wangu yeye anataka niache kazi kabisa. Nifanye nini? — Binti wa Njombe

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mwambie mkuu wako leo, na umwambie kwa maandishi. Ukishatangaza, mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama mwananchi wa kawaida: kwa muda wote uliobaki wa mimba asipokee zaidi ya milisiveti 1. Usipotangaza, hakuna anayemhesabia.

Kutangaza si kufukuzwa chumba cha eksirei. Ukisimama nyuma ya kizuizi chenye kioo cha risasi unapobonyeza kitufe, kinachokufikia ni kidogo mno. Kazi za kuziacha ni tatu. Ile mashine ya kusukumwa wodini, ambako hakuna ukuta wa kujificha. Kazi ya chumba cha upasuaji inayofuatilia mifupa kwa picha za mfululizo. Na kushika wagonjwa. Hili la tatu ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu mna huruma: mtoto analia, anarukaruka, nesi hayupo, unaingia kumshika. Usiingie. Mpe aproni ya risasi baba yake au shangazi yake ambaye hana mimba, amshike yeye.

Omba beji ya pili, uivae kiunoni chini ya aproni, karibu na mtoto. Ile ya kwanza ibaki kifuani juu. Halafu omba rekodi yako ya mwaka uliopita. Ni haki yako kuiona, na ukiiona utampelekea mume wako namba badala ya hofu. Lakini niambie ukweli mwanangu: beji yako umeivaa kweli? Nimekuta beji zikining'inia kwenye misumari ndani ya chumba cha eksirei, zinapigwa mionzi usiku na mchana mwenyewe akiwa kwao. Nimekuta nyingine kwenye droo, safi kama siku zilipotoka kiwandani. Namba ya beji ya aina hiyo haikusaidii wewe wala mtoto.

Kwa mume wako: mwambie kasoro za maumbile kwa mtoto huanza kuonekana kwenye dozi kama milisiveti 100 kwenda juu, mara 100 ya kikomo nilichokutajia. Hofu yake ni ya mapenzi, usiidharau. Mlete hospitalini siku moja asiyekuwapo mgonjwa, umwonyeshe unaposimama.

*

Mimi nanunua maharage na mahindi Mbozi, napeleka nje ya nchi kupitia Tunduma. Nadaiwa cheti cha mionzi. Maharage ya Mbozi yameipata wapi mionzi? — Mfanyabiashara, Vwawa

Ndugu yangu, maharage yako ni salama, na bado cheti kina maana yake. Tarehe 26 Aprili 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka, na siziamu ikabebwa na upepo na mvua ikatua kwenye majani ya malisho ya Ulaya. Ng'ombe wakala, maziwa yakachafuka, na nchi nyingi zikajiuliza kuhusu maziwa ya unga yaliyokuwa yakiingia bandarini kwao. Tangu hapo kupima chakula kinachovuka mipaka kukawa jambo la kawaida. Mnunuzi wa upande wa pili hamjui mkulima wa Mbozi. Anaijua karatasi.

Sampuli yako inatiwa kwenye chombo cha plastiki, inawekwa juu ya kigunduzi kilichozungukwa na kuta nene za risasi, na inaachwa hapo kwa saa kadhaa. Kigunduzi kinatenganisha mionzi kwa aina yake. Kitaiona potasiamu-40, ambayo maharage makavu yanayo kwa asili, kama bekereli 400 kwa kilo (bekereli ni kipimo cha mionzi inayotoka kwenye kitu chenyewe). Hiyo haina lawama, hata mimi na wewe tunayo mwilini. Kinachotafutwa ni siziamu-137. Mwongozo wa kimataifa wa chakula baada ya ajali ya nyuklia unaweka mpaka wa bekereli 1,000 kwa kilo, na maharage ya huku niliyoyaona yakipimwa hayakuwa hata karibu.

Ushauri wangu wa kibiashara ni mmoja: peleka sampuli mzigo ukiwa bado ghalani Vwawa. Wengi hupakia kwanza, wakakumbuka cheti wakiwa kwenye foleni ya Tunduma, na dereva anaanza kuhesabu siku.

*

Ndugu mkaguzi. Nanunua chuma chakavu Makambako. Vijana wameniletea kisanduku cha njano, ukubwa kama redio ya kaseti lakini uzito wa nusu mfuko wa saruji. Kina alama kama feni yenye mapanga matatu. Nimetoa shilingi 60,000. Je, nikikate kwa gesi nione ndani kuna nini, au nikiuze kizima? — Mzee wa Chakavu

Barua hii mhariri alinisomea kwa simu siku ilipofika, na bahati mzee aliandika namba yake. Nilimpigia kabla sijamaliza kusikiliza. Nayaandika hapa niliyomwambia ili wengine wayapate.

Hiyo feni ni alama ya mionzi. Usikikate. Usikifungue, usikisogeze. Toka hapo wewe na vijana, mita 30 au zaidi, na mtu mmoja asimame mbali kuzuia watoto. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujala au kuvuta sigara. Piga simu polisi, na utumie neno "mionzi", usiseme tu "mzigo wa ajabu". Kisha andika majina ya wote waliokishika.

Akaniuliza swali la mtu mwenye akili: "Mbona hakuna anayeumwa?" Nikamsimulia Goiânia, Brazili. Septemba 1987 watu wawili waliingia kwenye kliniki ya saratani iliyohamwa, wakabeba kichwa cha mashine ya tiba, wakakiuza kwa mnunuzi wa chakavu kama yeye. Ndani yake kulikuwa na unga wa siziamu-137 unaotoa mwanga wa buluu gizani. Wakauona mzuri. Wakagawiana, ndugu na majirani, wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa miaka 6 alikula chakula kwa mikono iliyoushika. Waliofariki ni 4, waliokutwa wamechafuliwa ni 249, na watu zaidi ya 112,000 wakapangwa foleni kupimwa. Siku za mwanzo ilikuwa kutapika tu, wakadhani ni chakula kibaya. Mwaka 2010 ikatokea tena Delhi, India: chuo kikuu kiliuza mtambo wa zamani kwa mnada, ndani mna kobalti-60, na mfanyakazi wa chakavu akafa. Mzee alinyamaza, kisha nikamsikia akiwaita vijana watoke.

Wenzangu wa ofisini walifika kesho yake, nami nikaomba kwenda nao. Tulianza kutembea kutoka barabarani kipima mionzi kikiwa mbele, hatua kwa hatua, kama tunavyofundishwa. Kilisoma ile mionzi ya kawaida ya ardhi mpaka tukafika karibu kabisa. Kilipanda kidogo tu kilipogusa sanduku.

Ilikuwa kamera ya gamma, ile ya kupigia picha mabomba yaliyochomelewa, na ilikuwa tupu. Chanzo chake, iridiamu-192, kilikuwa kimeshatolewa. Na hata kingebaki humo tangu kamera ilipoachwa, iridiamu hupungua nusu kila siku 74. Baada ya siku 740 haibaki hata sehemu moja kati ya elfu, na kibati kilionyesha kamera ni ya miaka mingi. Hiyo ndiyo iliyotuokoa. Ingekuwa siziamu ningekuwa naandika habari nyingine.

Ila tupu haimaanishi salama kwa gesi. Ule uzito uliowashangaza vijana ni urani, ile inayobaki baada ya kuondolewa sehemu yake yenye nguvu. Hutumika kama ukuta ndani ya kamera kwa sababu ni nzito kuliko risasi, zaidi ya mara moja na nusu kwa ujazo ule ule. Ndiyo iliyofanya mshale upande. Ukiiweka mezani haikudhuru kitu. Ukiikata kwa moto inaungua, na vumbi lake likiingia mapafuni na kwenye figo ni sumu. Mtungi wa gesi ulikuwa umeshaegemezwa ukutani, mita 2 kutoka kwenye sanduku.

Namba ya kwenye kibati ilipatikana kwenye rejesta. Chanzo kilirudishwa kwa mtengenezaji, risiti ipo. Kasha likaachwa nyuma na kampuni iliyomaliza mkataba na kuondoka, na kwenye safu ya "kiko wapi" mtu aliandika "stoo". Stoo hiyo ilibomolewa zamani.

Sanduku likapakiwa likaondoka. Mzee alisubiri mpaka gari likapotea kwenye kona, ndipo akaniuliza: "Mama, na elfu 60 yangu?" Wale vijana walishazitumia. Yeye amepoteza mtaji wa siku kadhaa kwa sababu aliuliza, na kama angenyamaza akakata angekuwa ameshauza. Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nimeandika kwa wahusika nikipendekeza mwenye namba ile ya kwenye kibati amrudishie fedha zake, na kwamba kila mnunuzi wa chakavu anayeripoti kitu cha namna hii asiachwe na hasara. Mpaka tunakwenda mitamboni sijajibiwa. Mzee wangu, nikijibiwa nitakupigia kwa namba ile ile.